Lenzi ya Kuzungusha kwa Mkono: Nani Anunue, Nani Aiache

Ukinunua kamera isiyo na kioo ya bei ya kati, iwe Sony ZV-E10, Canon EOS R50 au Nikon Z30, mara nyingi ndani ya boksi utakuta lenzi moja ndogo ya zumu. Apecha yake, yaani tundu la kupitishia mwanga, huanzia f/3.5 au f/4.5 na kuishia f/5.6 au f/6.3 unapovuta picha karibu. Mchana inatosha. Ikifika jioni ukumbini, au ukitaka uso wa mtu ujitokeze na nyuma yake pafifie, lenzi hiyo inakwama, na hapo ndipo mwenye kamera anaanza kuulizia bei ya lenzi ya pili.

Bei anazokutana nazo zimepishana mno. Lenzi ya Sony ya milimita 35, f/1.8, yenye fokasi ya otomatiki, ilitoka mwaka 2012 kwa dola 450. Upande wa pili kuna TTArtisan ya milimita 35, f/1.4, iliyoingia sokoni kwa chini ya dola 80. Nikihesabu dola moja kwa shilingi 2,500 za Tanzania au 130 za Kenya, ya kwanza ni shilingi 1,125,000 za Tanzania, sawa na 58,500 za Kenya. Ya pili haifiki 200,000 za Tanzania au 10,400 za Kenya. Hizi ni bei za siku lenzi zilipozinduliwa, na dukani leo unaweza kukuta zimepanda au zimeshuka, lakini pengo lake bado ni kubwa. Tena hiyo ya bei ndogo ndiyo yenye tundu kubwa zaidi.

Kilichopunguzwa hadi bei ikashuka hivyo ni mota ya kuendesha fokasi, mawasiliano ya umeme kati ya lenzi na kamera, na mfumo wa kutuliza mtikisiko. Fokasi unaizungusha mwenyewe kwa vidole, na apecha unaiweka kwa pete iliyo kwenye lenzi, kama walivyofanya wapiga picha wa enzi za filamu.

Nauweka msimamo wangu mapema. Lenzi ya namna hii ni ununuzi mzuri sana ikiwa lenzi ya pili, kwa mtu ambaye anachokipiga kinaweza kumsubiri. Ikiwa ndiyo lenzi pekee ya mtu anayelipwa kupiga harusi, itamgharimu kuliko bei yake. Na miaka hii ya karibuni imeingia njia nyingine kati ya lenzi ghali ya otomatiki na ile ya bei ndogo ya mkono, ambayo wauzaji wengi hawaitaji kwa sababu hawana mzigo wake dukani.

Tuanze na faida, kwa kuwa ni kubwa na ya kweli. Lenzi ya boksi ukiiweka kwenye milimita 35 itakupa kama f/5 hivi. Kutoka hapo hadi f/1.4 mwanga unaoingia unaongezeka zaidi ya mara 12. Pale ulipolazimika kupandisha ISO hadi 6400, picha ikajaa chengachenga na rangi ya ngozi ikachafuka, sasa unapiga kwa ISO 500 kwa kasi ile ile ya shata. Kwa anayepiga watu weusi kwenye chumba chenye taa moja ya manjano, tofauti hiyo haihitaji darubini. Weusi wa ngozi una rangi nyingi ndani yake, na chenga za ISO ya juu ndizo za kwanza kuzila.

Sababu ya jambo hili kuwezekana kwenye kamera hizi ni umbali kati ya mlango wa lenzi na sensa. Kamera za zamani zilikuwa na kioo ndani, na kioo kinahitaji nafasi ya kunyanyukia. Mlango wa Nikon F uko milimita 46.5 kutoka kwenye filamu, wa Canon FD milimita 42, na ule wa skrubu unaoitwa M42 una milimita 45.46. Kwenye kamera mpya kioo kimeondolewa na umbali umepungua: Nikon Z ni milimita 16, Sony E 18, Canon RF 20. Kwa hiyo lenzi ya Canon FD inaingia kwenye Sony kwa bomba tupu la chuma lenye urefu wa milimita 24, halina kioo cha lenzi wala waya. Adapta ya aina hiyo hupatikana kwa dola 15 hadi 30. Lenzi hiyo hiyo ya FD haikuwahi kukaa vizuri kwenye kamera za dijiti za Canon zenye kioo, kwa sababu umbali wake huko ni milimita 44, na adapta zilizojaribu kulitatua tatizo hilo zililazimika kuwekewa kioo cha lenzi cha ziada, nacho kilipunguza ubora wa picha.

Faida nyingine ni kwamba skrini inakuonyesha picha kama itakavyotoka. Ukifungua apecha unaona nyuma pakififia, ukifunga unaona pakirudi. Kamera nyingi pia zina alama za rangi, nyekundu au njano, zinazowaka kwenye kingo za kitu kilicho kwenye fokasi, na zina kitufe cha kukuza sehemu ndogo ya picha ili uone kama kope zimekaa sawa. Bila misaada hii miwili nisingemshauri mtu yeyote anunue lenzi ya mkono.

Sasa tuzipime njia zenyewe. Ya kwanza ni lenzi za zamani.

Kama mzee wako alikuwa na Pentax K1000 au Canon AE-1, kabla ya kutoa hela yoyote fungua kabati uangalie. Kamera hizo nyingi ziliuzwa na lenzi ya milimita 50, yenye f/2 au f/1.8, na lenzi hizo hadi leo zinatoa picha nzuri. Gharama yako itakuwa adapta peke yake. Kwa mtu wa namna hii hakuna cha kulinganisha: ni lenzi ya dola 20, na ina historia ya familia ndani yake.

Anayelazimika kununua ana hesabu tofauti. Lenzi iliyopata jina kubwa kwenye soko la mtumba ni Helios 44, milimita 58, f/2, iliyotengenezwa Umoja wa Kisovieti kwa kufuata muundo wa Biotar ya Carl Zeiss Jena. Zilitengenezwa mamilioni, nyingi katika kiwanda cha KMZ kilichoko Krasnogorsk karibu na Moscow. Watu wanaipenda kwa jinsi majani na taa za nyuma zinavyozunguka kama kimbunga kuuzunguka uso. Ni urembo wa kweli, lakini ni urembo wa aina moja, na anayempigia mteja picha arobaini zote zenye kimbunga atamchosha. Bei yake nayo imepanda kadiri sifa zake zilivyosambaa. Zipo pia Super-Takumar 50 f/1.4 za Pentax, ambazo baadhi zina kioo chenye thori na hugeuka manjano kwa uzee. Rangi hiyo hupungua lenzi ikiachwa kwenye mwanga wa urujuanimno kwa muda. Minolta MD 50 f/1.7 haizungumzwi sana, na kwa sababu hiyo huwa nafuu kuliko ubora wake.

Hata hivyo lenzi ya zamani ina kasoro mbili ambazo mnunuzi wa kwetu anapaswa kuzijua. Moja ni ukubwa wa sensa. Kamera za bei ya kati zina sensa ndogo kuliko filamu, kwa hiyo milimita 50 kwenye Sony au Nikon inaona kama 75, na kwenye Canon kama 80. Ndani ya sebule ya kawaida utajikuta umeegemea ukuta na bado familia haijaingia yote kwenye picha. Lenzi pana za zamani, zile za milimita 24 au 20, ama ni ghali ama pembe zake ni dhaifu. Ukitaka lenzi ya kuona kama jicho la kawaida unahitaji kati ya milimita 25 na 35, na hapo lenzi za mtumba haziwezi kushindana na za Kichina.

Kasoro ya pili ni kuvu. Unyevu wa Tanga, Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam unaiharibu lenzi polepole: nyuzi nyeupe kama za buibui zinaota kati ya vioo, mwanga unatawanyika, na zikikaa muda mrefu zinaula utandu uliopakwa juu ya kioo. Lenzi iliyoishi miaka 40 inaweza kuwa na mbegu hiyo tayari ilipotoka, hata kama ilitoka Ulaya. Kuifungua na kuisafisha ni kazi ya fundi, na malipo ya fundi yanaweza kufikia bei ya lenzi yenyewe. Ndiyo maana nasema wazi: lenzi ya zamani inunuliwe ikiwa mkononi mwako. Iwashie tochi ya simu upande mmoja uangalie kutoka upande wa pili, huku ukiizungusha fokasi kutoka mwisho hadi mwisho. Nyuzi, ukungu au mabaka ndani, iache. Vumbi kidogo si neno. Kisha fungua na ufunge apecha uone kama majani yake yanaitika haraka na hayana mafuta. Pete ya fokasi iwe laini, isikwame wala isichezecheze. Ukinunua kwa picha tu, kutoka kwa mtu usiyemjua, ukaguzi huu wote huwezi kuufanya.

Njia ya pili ni lenzi mpya za mkono kutoka China. Majina yanayotajwa zaidi ni 7Artisans, TTArtisan, Meike na Brightin Star. Zinatengenezwa zikiwa na mlango wa kamera yako moja kwa moja, kwa hiyo adapta haihitajiki. TTArtisan 35 f/1.4 niliyoitaja ni ya chuma, ina pete ya apecha inayobofya, na ukifunga hadi f/4 inatoa picha kali inayotosha kuchapishwa ukubwa wa A3. Ndugu yake wa milimita 50, f/1.2, ilitoka kwa dola 98, na ndiyo ninayomtajia kwanza mtu anayetaka picha za sura pekee. Anayetaka lenzi ya mtaani na ya safari atazame 7Artisans 25 f/1.8, ambayo nayo iko chini ya dola 100.

Udhaifu wake uko wapi? Zikiwa wazi kabisa, pembe ni laini na mwanga unavuja kidogo kuzunguka vitu vyeupe. Shela ya bibi harusi au kanzu juani itapata ukungu mwembamba pembeni mwake, na wakati mwingine mstari wa zambarau. Ukielekeza lenzi kwenye jua au taa kali, picha nzima inapauka, kwa sababu utandu wa vioo vyake haufikii wa lenzi ghali. Baadhi ya watu wanaupenda mpauko huo. Mimi naona unaiba uzito wa rangi nyeusi kwenye ngozi na nywele, na kuurudisha kwenye kompyuta ni kazi ya ziada. Kofia ya lenzi ya bei ndogo inasaidia kuliko wengi wanavyodhani.

Kuna jambo la jua ambalo matangazo hayalisemi. Saa saba mchana, anga likiwa wazi, ISO 100 na f/16, kasi sahihi ya shata ni kama 1/125. Kutoka f/16 kuja f/1.4 ni hatua saba, na kila hatua inaongeza mwanga maradufu, kwa hiyo utahitaji kasi ya kama 1/16000. Shata ya Sony ZV-E10 inaishia 1/4000. Maana yake ni kwamba kwenye jua la mchana ile f/1.4 huwezi kuitumia. Utafunga hadi f/2.8 ndipo picha isiungue. Ukitaka kuitumia wazi, ongeza kichungi cheusi cha kupunguza mwanga, nacho kina bei yake. Kwa video ndiyo zaidi, maana huko shata inakaa karibu na 1/50.

Njia ya tatu ndiyo iliyobadilisha hesabu yangu. Mwaka 2022 TTArtisan ilitoa lenzi ya milimita 27, f/2.8, ya otomatiki, kwa karibu dola 160. Mwaka uliofuata ikaja 35 f/1.8 ya otomatiki kwa karibu dola 150, na mwaka 2024 Viltrox wakatoa milimita 56, f/1.7, kwa dola 139. Kabla ya hapo, kuchagua lenzi ya mkono mara nyingi kulikuwa kuokoa hela nyingi zaidi. Sasa, kwa mwenye Sony, Fujifilm au Nikon, tofauti ni kama dola 70, sawa na shilingi 175,000 za Tanzania au 9,100 za Kenya. Kwa tofauti hiyo unapata fokasi inayoshika jicho la mtu na kulifuata anapotembea. Watengenezaji wa kamera wenyewe nao wana za kuanzia: Fujifilm XC 35 f/2 ilitoka mwaka 2020 kwa dola 199, Nikon Z DX 24 f/1.7 mwaka 2023 kwa dola 280.

Canon ni habari nyingine. Kwa miaka kadhaa kampuni hiyo haikuruhusu wengine kutengeneza lenzi za otomatiki kwa mlango wake wa RF. Mwaka 2024 ndipo Sigma na Tamron walipotangaza kuanza kwa kibali, kwa kamera zenye sensa ndogo. Mwenye EOS R50 amebaki na machaguo machache ya bei ya chini. La wazi ni RF 50 f/1.8, iliyotoka mwaka 2020 kwa dola 199. Wengine hufikiri wataokoa kwa kuchukua ile EF 50 f/1.8 ya zamani, iliyotoka kwa dola 125, na kuivalisha adapta ya Canon, iliyotoka kwa dola 99. Jumlisha: 224. Ni zaidi ya lenzi mpya, tena ni ndefu na nzito zaidi. Njia hiyo ina maana kwa aliye na EF tayari nyumbani, si kwa anayeanza. Kwa mwenye Canon, basi, lenzi ya mkono ya milimita 25 au 35 bado ina nguvu kubwa ya bei.

Kuna gharama zisizoandikwa kwenye boksi. Ukiagiza lenzi ya dola 80 na usafirishaji wa dola 20, thamani inayotozwa kodi inaanzia kwenye 100. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya, na hapo bado ushuru wa forodha na malipo ya wakala kama yatahitajika. Ya dola 80 inakuja kuwa 118 Tanzania au 116 Kenya, na zaidi, kabla hujaishika. Ukiikuta Kariakoo au Luthuli Avenue kwa bei inayokaribia hiyo, nunua dukani, kwa sababu utaijaribu kwenye kamera yako na utajua pa kuirudisha ikiwa na kasoro. Weka pia hela ya boksi la plastiki lisilopitisha hewa na pakiti za silika jeli. Kwa anayeishi pwani hiyo ni sehemu ya bei ya lenzi.

Gharama kubwa kuliko zote ni picha zinazokosekana. Lenzi ya milimita 35 kwenye f/1.4, mtu akiwa mita 2 mbele yako, ina kina cha fokasi cha kama sentimita 18. Hapo pana nafasi ya kupumua. Lenzi ya milimita 50 kwenye f/1.2, mtu akiwa mita moja na nusu, ina kama sentimita 4. Akiinamisha kichwa kidogo, jicho limetoka kwenye fokasi na sikio limeingia. Alama za rangi hazitakuokoa kwa kina hicho, kwa kuwa zinawaka eneo pana kuliko lililo kali kweli. Itabidi ukuze picha, uzungushe, upige, na mtu asicheze katikati ya hayo. Mtoto wa miaka mitatu hatakusubiri. Wala bibi na bwana harusi wanaovishana pete hawatarudia kwa ajili yako.

Kwa kazi za mtaani na safari, dawa ni kuacha kufukuza fokasi. Chukua milimita 25, funga hadi f/8, zungusha pete hadi karibu mita 4, kisha usiiguse tena. Kila kitu kuanzia kama mita 2 hadi upeo wa macho kitakuwa kikali vya kutosha. Hapo lenzi ya dola 80 inakuwa ya haraka kuliko otomatiki yoyote, kwa sababu haina cha kutafuta. Soko la samaki Feri, vijana wa bodaboda stendi, mechi ya mtaani ukiwa nje ya mstari: yote haya yanapigika hivyo asubuhi na mwanga wa kutosha. Lenzi nyingi za otomatiki za bei ndogo hazina hata alama za umbali za kukuwezesha kufanya hivi.

Video ni eneo jingine ambako mkono unalipa. Mahojiano, mtu ameketi, kamera iko kwenye stendi: unaweka fokasi mara moja, na haitahangaika kwenda na kurudi wakati anazungumza. Nyimbo za studio, mapishi, mafunzo ya kushona, matangazo ya bidhaa mtandaoni, yote yanafanana kwa hilo. Kwa mama anayeuza vitenge au keki kupitia simu na sasa amenunua kamera, lenzi ya mkono yenye f/1.4 na stendi imara itampa picha ambazo lenzi ya boksi haitazifikia, na keki haitikisiki.

Kabla hujasema lenzi ni mbovu, pitia mipangilio ya kamera. Nyingi hukataa kupiga zikiona hakuna mawasiliano ya umeme, zikidhani hazina lenzi kabisa. Kwenye menyu kuna chaguo la kuruhusu shata ifanye kazi bila lenzi, liwashe. Weka kamera kwenye hali ya kuchagua apecha au ya mkono kamili. Kama kamera ina kitulizo cha mtikisiko ndani yake, iandikie milimita za lenzi, maana haiwezi kuzijua yenyewe. Na ujue picha zako hazitakuwa na kumbukumbu ya apecha uliyotumia, jambo linaloudhi unapojifunza. Andika kwenye daftari.

Ipo pia hoja ambayo muuzaji wa lenzi hatakwambia: kwa dola zile zile 80 huenda unachohitaji si lenzi. Flashi ya mkono kama Godox TT600 huuzwa kwa karibu dola 65. Ukiielekeza kwenye dari jeupe la ukumbi, lenzi yako ya boksi kwenye f/5.6 itatoa nyuso kali, rangi safi, na watu watano waliosimama kwa safu mbili wote kwenye fokasi, kitu ambacho f/1.4 haiwezi kukupa hata ikiwa ya dola 1,000. Kwa kicheni pati, sendofu na picha za makundi, flashi inashinda. Hakikisha tu toleo unalonunua linaelewana na kiatu cha juu cha kamera yako, kwa kuwa baadhi ya kamera mpya za bei ndogo hazipokei flashi za kawaida bila kiunganishi.

Hukumu yangu basi ni hii. Kama unaanza kazi ya harusi, usinunue lenzi ya mkono kwanza. Nunua flashi, tumia ya boksi, na uweke akiba hadi uifikie ya otomatiki ya dola 150 hadi 200. Kama una Sony, Fujifilm au Nikon, unapiga watu wa nyumbani na watoto, na unaweza kungoja mwezi mmoja zaidi, ongeza hizo dola 70 uchukue otomatiki ya Kichina. Kama una Canon RF na bajeti haivuki dola 100, TTArtisan 35 f/1.4 ndiyo chaguo langu. Kama unapiga chakula, bidhaa, mahojiano, majengo ya Mji Mkongwe au mtaa kwa f/8, nunua ya mkono leo bila wasiwasi, uwe na kamera yoyote. Na lenzi ya zamani ichukue ikiwa umeirithi, au umeimulika kwa tochi mwenyewe ukaiona safi; nje ya hapo, hela yako ina usalama zaidi kwenye lenzi mpya yenye risiti.